Dawa za Skizofrenia na Akili Inayozubaa: Mwongozo Kamili kwa Anayemuuguza Ndugu

Hadithi ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini mambo ya ajabu, ni ile ile. Kijana alikuwa anasikia sauti, akapelekwa kliniki, akaanzishiwa dawa, sauti zikanyamaza. Miezi michache baadaye nyumbani wanaanza kulalamika: akitumwa chumvi analeta sukari, anatazama taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho na ukimuuliza wamesema nini hajui, swali la sasa hivi analijibu baada ya kimya kirefu. Shangazi anatamka kwamba hizo dawa ndizo zinazommaliza. Dawa zinafichwa juu ya kabati, na haichukui muda kijana yuko wodini tena, safari hii kapelekwa na majirani huku kafungwa kamba.

Malalamiko yenyewe ni ya kweli. Kosa ni kukatiza dawa zote kwa mkupuo bila kujua ni ipi yenye makosa. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, na asilimia 27 ya walioendelea na dawa. Na kila ugonjwa unapolipuka upya, masomo, kazi na marafiki vinakwenda na maji.

Kuna njia ya katikati. Inachukua miezi miwili au zaidi hadi uanze kuona mabadiliko, na sehemu kubwa ya kazi ni kuandika.

## Vitu utakavyohitaji

- Daftari dogo na kalamu. Simu ni nzuri, lakini kliniki muuguzi atashika daftari haraka kuliko atakavyoshika simu yako.
- Dawa zote anazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na zile za mafua, mzio, usingizi na za mitishamba.
- Kadi au daftari lake la kliniki.
- Saa.
- Mtu mmoja wa kuandika. Wakiwa watatu mtabishana badala ya kupima.
- Ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Mwambie wazi: "Tunataka kujua ni dawa gani inakuchosha ili tumwambie daktari." Wengi hukubali mara moja, maana wao ndio wanaoteseka. Ukipima kwa siri, kwa mtu ambaye tayari ana hofu ya kufuatiliwa, umeharibu kila kitu.

Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye pakiti ili uyalinganishe herufi kwa herufi.

## Hatua ya 1: Andika alivyokuwa kabla ya dawa

Gawa ukurasa safu tatu: kabla ya kuumwa, alipokuwa anaumwa bila dawa, na sasa. Waulize mama yake, rafiki aliyesoma naye, fundi aliyemfundisha kazi. Kumbukumbu yako peke yako haitoshi.

Sababu ni hii. Skizofrenia yenyewe hushambulia umakini, kumbukumbu ya muda mfupi, wepesi wa kufikiri na uwezo wa kupanga mambo. Hayo huonekana hata kwa wagonjwa ambao hawajawahi kumeza kidonge hata kimoja, na kwa wengi huanza mapema, kabla ya sauti: mwanafunzi aliyekuwa mstari wa mbele anaanza kushuka, anapoteza vitu, hamalizi alichoanza. Wakati ule nyumbani walisema ni ujana au uvivu. Baadaye zikaja fujo na kila mtu akasahau ya nyuma. Fujo zinapotulia ndipo uzito wa akili unaonekana, na dawa, kwa kuwa ndiyo mgeni ndani ya nyumba, inabeba lawama yote.

Dalili kwamba umefanikiwa: unaweza kuonyesha kwa kidole mambo yaliyoanza baada ya dawa, na tarehe ya karibu. Kwa mfano, "kusahau dukani kulikuwepo tangu kidato cha pili, lakini kusinzia mchana kumeanza Machi, alipoongezewa dozi."

Kama karibu kila kitu kimeangukia safu ya kwanza na ya pili, jua mapema kwamba kubadilisha dawa kutasaidia kidogo tu. Hatua ya 7 ndiyo yako.

Hapa niseme neno kwa familia zinazouza mbuzi kununua dawa mpya za bei kubwa zikiamini zitarudisha akili. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CATIE ulilinganisha dawa mpya kadhaa na moja ya zamani, perphenazine. Matokeo yake kuhusu uwezo wa kufikiri yalitoka mwaka 2007: baada ya miezi miwili wagonjwa wa makundi yote walikuwa wamepata nafuu ndogo, na hapakuwa na dawa iliyoishinda nyenzake. Dawa mpya zina faida zake, hasa kwa wanaokakamaa mwili. Kununua kumbukumbu si mojawapo.

## Hatua ya 2: Mwaga dawa zote mezani

Andika jina, miligramu, mara ngapi kwa siku na saa ngapi. Kisha zipange kwa makundi. Usiharakishe hatua hii. Ndipo jibu lilipo mara nyingi.

Kidonge cha kuzuia kutetemeka. Tafuta benzhexol, ambayo pakiti nyingine huiita trihexyphenidyl, na wengi wanaijua kwa jina la Artane. Huandikwa pamoja na haloperidol au sindano ya mwezi ili mgonjwa asikakamae. Inafanya kazi hiyo kwa kuzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuweka kumbukumbu mpya. Yaani kidonge kinachotuliza mikono kinagusa palepale ambapo skizofrenia imeshapajeruhi. Kwa mtu mzee ni kibaya zaidi; anaweza hata kuchanganyikiwa usiku.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa za kundi hili zisitolewe kwa kila mtu kama kinga ya kawaida. Ziwe za muda mfupi, kwa mwenye ukakamavu mkubwa, pale ambapo kupunguza dozi au kubadilisha dawa hakukusaidia. Kwenye kadi nyingi hali ni nyingine kabisa: benzhexol iliandikwa siku ya kwanza na imenakiliwa kila ziara, mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyeuliza kama bado inahitajika. Mimi nikifungua kadi ya mtu anayelalamikia kusahau, jina hili ndilo ninaloanza kulitafuta.

Dawa zenyewe za ugonjwa. Hizi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, yaani milango ya ubongo inayopokea kemikali ya jina hilo. Vikizibwa asilimia 65 hivi, sauti na imani za ajabu huanza kupungua. Vikizibwa zaidi ya asilimia 80, nafuu haiongezeki sana, kinachoongezeka ni ukakamavu, uso usio na hisia, hatua fupi na kufikiri kwa kusuasua. Ndiyo maana dozi kubwa mno inaweza kumfanya mtu aonekane mjinga na huku sauti hazikupungua zaidi ya zilipokuwa.

Haloperidol, trifluoperazine na sindano ya fluphenazine decanoate hukakamaza zaidi. Chlorpromazine, quetiapine, olanzapine na clozapine husinzisha zaidi, na kati ya hizo chlorpromazine, olanzapine na clozapine nazo zinazuia asetilikolini. Risperidone na aripiprazole haziigusi sana asetilikolini. Clozapine usiihukumu haraka, maana hupewa mtu ambaye dawa nyingine zimeshindwa, na kuitoa kunaweza kumrudisha alikotoka.

Mbili au tatu kwa mpigo. Sindano ya mwezi, haloperidol asubuhi, chlorpromazine usiku. Mara nyingi ya pili iliongezwa siku za fujo ili alale, fujo zikaisha, yenyewe ikabaki.

Zilizoingia kimyakimya. Piriton ya mafua kutoka duka la dawa, Phenergan ya kulazia, amitriptyline ya maumivu au usingizi, diazepam, dawa za kifafa kama phenobarbitone. Kila moja inapunguza wepesi wa akili, na zikipandishwa juu ya benzhexol mzigo unajumlishwa. Piriton watu hata hawaihesabu kuwa ni dawa. Ihesabu.

Onyo: leo usitoe hata kimoja. Umepata washukiwa, ushahidi bado.

## Hatua ya 3: Pima kwa wiki nne

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile. Anayemeza chlorpromazine usiku, ukimpima saa moja asubuhi unapima usingizi. Saa nne au saa tano asubuhi ni muda mzuri. Anayechomwa sindano, andika ni siku ya ngapi tangu achomwe, kwa sababu baadhi yao huwa wazito siku chache za mwanzo halafu wanachangamka.

Vipimo ni vitatu, vyote havizidi nusu saa.

Namba. Mtajie tarakimu moja kila sekunde, arudie. Anza na tatu, ongeza moja moja mpaka akosee mara mbili. Watu wazima wengi hufika kati ya 5 na 9. Andika alipoishia.

Sokoni. Mtajie vitu sita, arudie papo hapo, kisha muulize tena baada ya dakika 20. Kila wiki badilisha orodha. Ukirudia ile ile ataikariri, nawe utashangilia nafuu isiyokuwepo.

Kazi halisi. Chagua kazi moja anayoijua, kama kupika chai, kufua shati au kwenda kununua vocha na kurudi na chenji. Hesabu mara ulizolazimika kumkumbusha. Kwangu hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote viwili vya juu, kwa sababu ndicho kinachosema kama ataweza kujitegemea.

Ukurasa mmoja unaweza kuonekana hivi:

*Jumatano, saa 4 asubuhi. Sindano: siku ya 3. Kalala saa 2 usiku, kaamka saa 3 asubuhi. Namba: 4. Sokoni: 2 kati ya 6 (chumvi, kitunguu). Chai: kakumbushwa mara 3, kasahau majani. Mikono inatetemeka kidogo akishika kikombe. Mdomo mkavu, anaomba maji kila saa. Choo siku ya tatu hajapata. Sauti: hakuna.*

Soma ukurasa huo kama daktari atakavyousoma. Mdomo mkavu, choo kigumu na kumbukumbu mbovu vikija pamoja vinaelekeza kwenye dawa zinazozuia asetilikolini. Ukiona pia haoni vizuri karibu au mkojo unatoka kwa shida, mashaka yanazidi. Usingizi wa saa 13 unaelekeza kwenye dawa zinazosinzisha au saa ya kuzimeza. Kutetemeka kunaelekeza kwenye dopamini iliyozibwa kupita kiasi. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu, kama huyu.

Tenganisha pia mwili mzito na akili nzito. Muulize swali la jibu la neno moja, halafu nyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka 15. Akijibu sahihi lakini kwa kuchelewa, kumbukumbu ipo, tatizo ni kasi. Familia nyingi humkatiza kwenye sekunde ya tatu, zinamjibia, kisha zinasema hajui.

Tahadhari: usipime mbele ya watoto au wageni, wala usimcheke. Akikataa wiki hiyo, andika "kakataa" na umwache.

Dalili kwamba umefanikiwa: una kurasa nne zinazofanana mpangilio, na mtu asiyemjua mgonjwa anaweza kuzisoma akaona picha moja.

## Hatua ya 4: Ondoa sababu nyingine

Wakati unapima, angalia pia bangi, pombe na miraa. Mkumbushe kwamba unauliza ili usaidie, si ili umripoti. Angalia usingizi unaokatika, huzuni na homa. Omba apimwe malaria, damu na sukari. Sukari ni muhimu hasa kwa wa olanzapine na clozapine, dawa zinazonenepesha na kuipandisha.

Sigara ina kisa chake. Moshi wa tumbaku huharakisha ini kuzivunja olanzapine na clozapine. Mtu aliyekuwa mvutaji mkubwa akiacha ghafla, dozi ile ile aliyoizoea inakuwa nyingi mwilini na ataanza kusinzia na kuzubaa. Kuacha sigara ni jambo jema, ila kliniki waambiwe siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Peleka daftari kliniki

Iwe hospitali ya magonjwa ya akili kama Mirembe, Mathari, Butabika au Kidongo Chekundu, au kliniki ya hospitali ya mkoa, foleni ni ndefu na dakika zako mbele ya daktari ni chache. Ukiingia na "Daktari, dawa zinampumbaza," utatoka na dawa zile zile. Andika muhtasari wa mistari mitano ukurasa wa kwanza, kisha uliza swali linalojibika:

"Daktari, sauti hazijarudi tangu Machi. Lakini kusahau kumeongezeka, mdomo unamkauka na choo kimekuwa kigumu. Yuko kwenye benzhexol mwaka wa pili sasa. Bado anaihitaji, au tunaweza kuipunguza taratibu?"

Maswali mengine ya aina hiyo, chagua linalokuhusu: Je, dozi hii iliwekwa kwa ajili ya siku za fujo, na sasa inaweza kushushwa? Je, anahitaji dawa mbili, au moja inatosha? Je, dozi ya mchana inaweza kuhamishiwa usiku? Nyingi ya dawa hizi hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba anayemeza mara tatu kwa siku anaweza kumeza mara moja wakati wa kulala. Kwa wanaofunga Ramadhani ni swali la kuulizwa wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, siyo usiku wa daku ya kwanza.

Mwache mgonjwa azungumze naye. Mara nyingi atasema jambo ambalo hakukwambia nyumbani, mathalani kwamba kidonge cha asubuhi amekuwa akikificha chini ya ulimi.

Daktari akikataa, uliza sababu na uiandike. Huenda kadi ya zamani inaonyesha aliwahi kukakamaa shingo na kupindua macho, na tahadhari yake ina msingi.

## Hatua ya 6: Badiliko moja kwa wakati

Mkikubaliana kupunguza, iwe dawa moja tu, kwa ratiba aliyoiandika daktari. Mkipunguza mbili pamoja na hali ikabadilika, hamtajua nani kasababisha.

Benzhexol ikikatwa ghafla huweza kuleta kichefuchefu, jasho, wasiwasi, kukosa usingizi na kutetemeka upya, na familia husema ugonjwa umerudi. Kwa hiyo hushushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wapo wanaoipenda kupita kiasi kwa sababu inachangamsha, na mitaani inauzwa kwa ajili hiyo. Kama vidonge vinaisha kabla ya siku yake, mwambie daktari. Dozi ya dawa ya ugonjwa hushushwa polepole zaidi, kwa miezi. Clozapine usiiguse kabisa bila kliniki: akikosa kwa zaidi ya saa 48, hairudishwi kwenye dozi ile ile, inaanzwa upya kutoka chini.

Endelea na vipimo vyako vya kila wiki. Usitoe hukumu kabla ya wiki nne kwenye dozi mpya.

Andikeni pamoja na mgonjwa dalili zake binafsi za ugonjwa kurudi. Kwa wengi ya kwanza ni usingizi kupungua; kisha kujitenga, kushuku chakula, kucheka au kunong'ona peke yake. Zikitokea mbili kwa siku mbili mfululizo, piga simu au nenda kliniki, usingoje tarehe.

### Nenda hospitali saa hiyo hiyo

- Homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa.
- Shingo au ulimi kupinda, macho kugeukia juu, kushindwa kumeza au kupumua.
- Aliyekuwa sawa jana leo hajui alipo.
- Anayetumia clozapine kupata homa au koo kuuma, maana chembe nyeupe za damu huenda zimeshuka. Au tumbo kuvimba na choo kufunga kabisa.
- Anazungumzia kujiua, au sauti zinamwamuru adhuru mtu.

## Hatua ya 7: Fanyia kazi kilichobaki

Hata dawa zikirekebishwa vizuri, sehemu ya tatizo ni ya ugonjwa na itabaki. Hiyo inazungukwa kwa mpangilio wa nyumba.

Funguo, simu na kitambulisho viwe na mahali pamoja, kila siku. Maagizo yatolewe moja moja: "leta ndoo," ameleta, ndipo "jaza maji." Akienda dukani aende na karatasi, bila kuonewa aibu, hata mwenye akili timamu huenda nayo. Kengele ya simu imkumbushe dawa badala ya mama kupiga kelele uani.

Kutembea kwa kasi mpaka jasho litoke, mara kadhaa kwa wiki, kumeonekana kwenye tafiti kusaidia umakini na kumbukumbu za watu wenye skizofrenia. Mazoezi ya akili yanayorudiwa kila wiki na mtu aliyefunzwa nayo husaidia, hasa yakiambatana na kazi halisi. Ukikosa mtaalamu, bao, karata, kuhesabu chenji na kumsomea bibi gazeti havina madhara, lakini visichukue nafasi ya kazi: saa mbili za kusaidia gengeni zinampa namba za kujumlisha, sura za wateja za kukumbuka na sababu ya kuamka.

Baada ya miezi mitatu rudia vipimo vya wiki nne na uweke kurasa mpya kando ya zile za zamani. Namba zinaweza kupanda kutoka 4 hadi 5 tu. Tazama zaidi mstari wa chai: aliyekumbushwa mara tatu akikumbushwa mara moja, na sauti bado hazipo, mpango unafanya kazi, uendelee nao. Kama hakuna kilichosogea, rudi kliniki na kurasa zote, za zamani na mpya, na uulize kuhusu mshukiwa wa pili kwenye orodha yako.